Kitoto cha paka cha wiki tisa na safari ya gari kutoka Dar hadi Dodoma

Paka: jike, wiki 9, gramu 850 kwenye mizani ya jikoni. Ametolewa kwa mama yake Mbagala na kupelekwa kwenye nyumba ya kupanga Tabata yenye mume, mke, watoto wawili wa miaka 6 na 9, na dada wa kazi. Barua ya uhamisho wa kwenda Dodoma ilikuwa imeshatoka, na safari ilikuwa baada ya wiki nne, mwezi Julai, kwa gari dogo la familia.

Siku ya tano hali ilikuwa hivi. Paka alikuwa amejichimbia nyuma ya friji, anatoka usiku tu. Anaharisha. Anajisaidia chini ya kochi ilhali beseni la mchanga lipo. Alipopelekwa kwa daktari wa mifugo, mwendo wa dakika 20 kwa gari, alilia njia nzima, udenda ukamtoka, akatapika na kujichafua. Swali la baba wa familia lilikuwa moja: apewe dawa gani ya kumlaza ili Dodoma wafike salama?

Jibu fupi ni kwamba hahitaji kulazwa. Ili jibu hilo lieleweke, ni lazima kurudi nyuma hadi siku ya kwanza, kwa sababu sehemu kubwa ya kilichoonekana ndani ya gari ilianzia sebuleni.

Kilichofanyika siku ya kwanza

Paka alisafirishwa ndani ya boksi la kartoni lililokuwa na sabuni za unga. Boksi lilifungwa kwa selotepu, likatobolewa matundu manne kwa kalamu, likakaa kwenye foleni juu ya mapaja ya mtoto. Nyumbani lilifunguliwa katikati ya sebule, televisheni ikiwa imewashwa na majirani wamekuja kumwona mgeni. Kila mtu alimbeba. Akapewa maziwa ya ng'ombe ya pakiti, baridi, kutoka kwenye friji. Jioni akaonekana ana viroboto, akaogeshwa kwa maji yaliyotiwa ile dawa ya kuua vijidudu ya kahawia inayogeuka nyeupe ikigusa maji. Alipopangiwa kwenda kwa daktari, boksi lile lile la sabuni lilitafutwa likafungwa tena.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililofanywa kwa ukatili. Ndivyo watu wengi wanavyompokea paka.

Kwa nini yalizaa matokeo yale

Tuanze na lililokuwa la hatari kuliko yote, ambalo familia haikulitaja hadi ilipoulizwa: kuogeshwa. Ini la paka halina uwezo mzuri wa kuvunja kemikali za jamii ya fenoli, nazo ndizo zilizomo kwenye dawa nyingi za kusafishia vidonda na sakafu. Dawa hupita kwenye ngozi, na paka akijilamba ili ajikaushe humeza iliyobaki kwenye manyoya. Mara hii dawa ilikuwa kidogo na dada alimsuuza haraka, ndiyo maana yaliishia kwenye udhaifu wa siku moja. Kwa udhaifu huo huo wa ini, panadol humuua paka hata kwa kipande cha kidonge. Dawa za viroboto vya mbwa na dawa za kuogeshea ng'ombe zinazouzwa kwenye maduka ya mifugo nazo ni za kuogopwa: nyingi zina permethrin, cypermethrin au jamaa zake, na paka akipakwa hutetemeka, hupata degedege na anaweza kufa ndani ya siku hiyo hiyo. Maneno kwamba "kwa mbwa inafaa, kwa paka weka nusu" hayana ukweli wowote.

Kwa paka wa gramu 850, kiroboto huondolewa kwa chanuo la meno membamba linalochovywa kwenye bakuli la maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Unachana kuanzia shingoni kwenda mkiani, unakwangua viroboto ndani ya bakuli, unarudia kila siku kwa wiki nzima. Kanga anayolalia inafuliwa kwa maji ya moto. Mtazame ufizi: ukiwa mweupe badala ya waridi, viroboto wameshamnyonya damu kiasi cha kuhitaji daktari siku hiyo.

Kuharisha kulikuwa na sababu mbili zilizokutana. Paka akishaacha kunyonya, kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa hupungua tumboni, kwa hiyo maziwa ya ng'ombe yanapita moja kwa moja. Juu ya hapo alikuwa na minyoo, kama walivyo wengi waliozaliwa mitaani. Daktari alimpa dawa ya minyoo kwa uzito wake, akapanga irudiwe baada ya wiki mbili. Maziwa yalisimamishwa, pakawekwa maji kwenye kisahani kipana. Siku ya tatu choo kilikuwa kimeshikana.

Beseni lilikuwa na ukuta wa sentimita 15. Paka wa wiki 9 analiona kama ukuta wa nyumba. Pia lilikuwa jikoni, hatua mbili kutoka kwenye sahani ya chakula, na paka hapendi kujisaidia mahali anapokula. Mchanga ulikuwa wa baharini, haujasuuzwa, una chumvi na unanata kwenye nyayo. Kwa hiyo lile kochi halikuwa jeuri, lilikuwa choo bora kuliko alichopewa.

Sasa gari. Wengi huona udenda na matapishi wakahitimisha kwamba paka "ana tatizo la gari". Dalili hizo huletwa na mambo mawili tofauti, na kuyatenganisha unahitaji kuangalia saa tu. Udenda ukianza kabla gari halijaondoka, au hapo getini, hiyo ni hofu. Ukianza baada ya dakika kumi na kitu za mwendo, hasa kwenye kona na matuta, hicho ni kichefuchefu cha safari kinachotokana na sehemu ya sikio la ndani inayopima mizani ya mwili. Mama alikumbuka vizuri: paka alianza kulia boksi lilipokuwa linafungwa selotepu, na udenda ulishamlowesha kidevu kabla hawajafika barabara kubwa. Hofu, basi, kwa sehemu kubwa. Na hofu ya nini? Ya boksi. Mara ya kwanza lilimtoa kwa mama yake. Mara ya pili lilimtoa kwenye sehemu pekee aliyoanza kuizoea, likampeleka kuchomwa sindano.

Hapo ndipo dawa ya kulaza inapokosa kazi. Paka aliyelazwa hashindwi kuogopa, anashindwa kuonyesha tu. Anashindwa pia kurekebisha joto la mwili wake, jambo baya ndani ya gari, na kwa mwili usiofika kilo moja na nusu kosa dogo la kipimo ni kubwa. Maropitant, dawa ya kuzuia kutapika inayotumika kwa paka, imeidhinishwa kwa paka wa kuanzia wiki 16. Huyu angesafiri akiwa na wiki 13. Vidonge vya watu vya safari, na piriton ambayo jirani alipendekeza, visiguswe bila daktari wa mifugo.

Chumba kwanza

Paka alihamishiwa chumba cha watoto. Friji ilizibwa nyuma kwa ubao, na dirisha likawekewa wavu wa chuma kwa sababu kichwa chake kilikuwa kinapita kati ya nondo. Kona moja liliwekwa boksi lililolazwa ubavu na kanga iliyokwisha kuvaliwa bila kufuliwa. Kona ya mbali zaidi liliwekwa beseni jipya: beseni la kawaida la plastiki lililokatwa upande mmoja kwa kisu cha moto hadi ukuta ukabaki sentimita 6, ncha zikasuguliwa kwa msasa. Ndani, mchanga wa mto uliochekechwa, kina cha sentimita 3 hadi 4. Ukijaza kumi anazama na kuuchezea. Kinyesi kinachotwa mara mbili kwa siku, mchanga wote unabadilishwa kila baada ya siku tatu. Siku ya kwanza dada aliagizwa aache kipande cha kinyesi cha zamani mchangani ili harufu imwelekeze. Paka alilitumia beseni usiku ule ule. Pale chini ya kochi palisuguliwa kwa sabuni ya unga, si kwa jiki, kisha kochi likasogezwa.

Chakula: mara nne kwa siku, jumla gramu 40 hadi 45 za chakula kikavu cha paka wachanga, au kiasi kinacholingana cha kuku au samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba. Ugali na mchuzi wa dagaa hujaza tumbo lakini haumkuzi paka. Mwili wake unataka nyama. Dagaa wa chumvi waloweshwe na maji yamwagwe. Vitunguu visiwemo kabisa, maana vinaharibu chembe za damu. Kipimo cha kwamba anakula vya kutosha ni mizani: umri huu huongeza kama gramu 100 kwa wiki. Unaweka bakuli, unarudisha mizani sifuri, unamweka paka ndani.

Watoto walipewa kanuni moja iliyofanya kazi kuliko mawaidha yote: kaa chini, mgongo ukutani, dakika kumi, usimfuate. Akija mwenyewe unamnusisha kidole. Kumbeba ni mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio. Kumning'iniza kwa ngozi ya shingo ni kazi ya mama yake, na mama mwenyewe huacha akishakua. Mchezo ulikuwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti kwa uzi, na baada ya mchezo kijiti kinafungiwa kabatini. Uzi uliomezwa hukunja utumbo kama kamba ya kaptula, na hapo ni upasuaji.

Siku ya nne chumbani alikuwa analala katikati ya kitanda. Mlango ukaanza kuachwa wazi, chumba kimoja kila siku.

Kasha

Boksi la sabuni lilitupwa. Kartoni hulegea ikilowa mkojo, na hiyo peke yake inatosha kulikataa kwa safari ndefu. Lilinunuliwa kasha gumu la plastiki, urefu sentimita 48, upana 31, kimo 30, lenye mlango wa mbele na mfuniko unaofunguka juu. Asiyelipata anaweza kugeuza kreti dogo la plastiki juu ya jingine na kuyafunga kwa vibano vya plastiki, mradi matundu yasiwe makubwa kuliko upana wa vidole viwili. Paka aweze kusimama, kugeuka na kujilaza. Likiwa kubwa mno atasereka kila breki inapokanyagwa.

Kasha liliingia chumbani wiki tatu na nusu kabla ya safari, mlango ukiwa umeng'olewa. Sahani ya chakula ikawekwa mdomoni mwa kasha, kesho yake ndani kidogo, keshokutwa mwisho kabisa. Alipokuwa anaingia bila kusita, mlango ulirudishwa na kufungwa wakati anakula, ukafunguliwa kabla hajamaliza: sekunde kumi, kisha dakika moja, kisha tano. Kufungua kabla hajaanza kulia ndiyo siri yote. Ukifungua baada ya kulia umemfundisha kwamba kulia hufungua mlango.

Kisha kuinuliwa. Kasha linabebwa kwa mikono miwili kutoka chini, likishikizwa kifuani. Ukilishika kwa mpini tu linabembea na kugonga mapaja, na paka anakuwa ameshaanza safari baharini kabla ya kufika kwenye gari.

Halafu gari lililozimwa, mlango wazi, dakika tano, chakula kidogo ndani ya kasha. Alikula. Siku iliyofuata gari likawashwa, na hapa kazi ikarudi nyuma: masikio yalilala, akaacha kula, akajikunyata mwisho wa kasha. Baba aliamini ni mngurumo wa injini. Walipokaa na kuchunguza, ufunguo ulipozungushwa viliamka vitu vitatu kwa pamoja: injini, redio, na feni ya kiyoyozi iliyokuwa namba nne ikipuliza moja kwa moja kwenye mlango wa kasha. Redio ikazimwa, feni ikashushwa hadi namba moja na matundu yake yakaelekezwa juu, wakarudi siku mbili kwenye gari lililozimwa. Mama alipojaribu tena, baba aliwasha injini paka akiwa tayari anakula, akaizima baada ya nusu dakika. Hakuinua kichwa.

Kuanzia hapo: nje ya geti na kurudi, dakika mbili. Tano. Kumi. Ishirini. Arobaini, hadi Segerea na kurudi. Hatua moja tu kwa siku, na akikataa chakula mnarudi hatua iliyotangulia bila kubishana. Mazoezi ya hadi dakika kumi yalifanywa na njaa kidogo, saa tatu baada ya mlo, akipewa vipande vidogo. Zaidi ya hapo chakula kilisubiri nyumbani, maana tumbo lenye kitu na mwendo havipatani. Safari moja tu kati ya hizo iliishia kwa daktari, kwa ajili ya chanjo ya pili dhidi ya panleukopenia (ugonjwa hatari wa virusi wa paka) na mafua ya paka na ile ya kichaa cha mbwa, ambayo hutolewa kuanzia wiki 12. Ilipangwa siku sita kabla ya kuondoka kwa makusudi: chanjo inaweza kuleta uchovu na homa ya siku moja au mbili, na hutaki hayo yamkute Chalinze.

Siku ya safari

Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 450, Morogoro ikiwa kwenye 190. Mlo wa mwisho, nusu ya kawaida, alipewa saa sita usiku familia ikiwa bado inafunga mizigo. Maji hayakuondolewa. Waliondoka saa kumi na moja alfajiri, nje ya foleni na nje ya jua. Paka wa umri huu asishindishwe njaa siku nzima kama anavyoweza mkubwa; sukari ya damu inashuka haraka.

Kasha liliwekwa sakafuni nyuma ya kiti cha abiria wa mbele, kiti kikarudishwa hadi kikalibana, blanketi likaziba mwanya uliobaki. Chini yake taulo na pampasi iliyopasuliwa. Kanga ilifunika pande tatu, upande wa hewa ukaachwa. Kwenye buti hapana, na juu ya Fuso la samani ndiyo hapana kabisa. Kumpakata nako hapana: paka mdogo akishtuka hukimbilia gizani, na sehemu yenye giza mbele ni chini ya pedali.

Alilia hadi Kibaha, akalala. Chalinze hawakumgusa. Morogoro walipaki kivulini, madirisha juu, milango imefungwa, ndipo kasha likafunguliwa. Mfuniko wa kontena la plastiki ulitiwa mchanga kutoka kwenye beseni lake la Tabata. Hakukojoa. Alilamba kijiko kimoja cha kuku aliyesagwa na maji kidogo. Walikwenda kunywa chai kwa zamu, mtu mmoja akibaki ndani na kiyoyozi kikiwaka. Gari lililozimwa juani hupanda nyuzi 15 hadi 18 ndani ya nusu saa, na kushusha kioo vidole vitatu hakusaidii kitu cha maana.

Baada ya Dumila, barabara inapoanza kupanda kuelekea Gairo, udenda ulianza. Hapakuwa na kilio, masikio yalikuwa sawa, alikuwa analamba midomo na kumeza. Hiki sasa kilikuwa kichefuchefu chenyewe, na ilikuwa rahisi kukitambua kwa sababu hofu haikuwepo kukifunika. Baba alipunguza mwendo, akayavuka matuta kwa gia ya kwanza, wakasimama dakika kumi. Alitapika povu jeupe mara moja. Hakupewa chochote hadi Dodoma zaidi ya maji. Gairo alikojoa kwenye mfuniko. Kama angekuwa anahema mdomo wazi na ufizi umeiva kwa wekundu, hilo lingekuwa joto na si kichefuchefu: unasimama, unamlowesha nyayo na tumbo kwa kitambaa cha maji ya kawaida, si ya barafu, na unatafuta daktari.

Walifika saa sita mchana.

Dodoma

Kila kitu kilianza upya, kwa kasi kubwa zaidi. Chumba kimoja, kasha wazi kwenye kona, kanga ile ile bila kufuliwa, vikombe viwili vya mchanga wa zamani juu ya mpya. Familia ilitaka kumwachia uani siku ile ile kwa kuwa uwanja ni mkubwa na una ukuta. Walishauriwa wasubiri wiki tatu. Paka anayetoka kabla hajaijua harufu ya nyumba mpya akishtuliwa na mbwa hana pa kurudi. Kabla ya kumfungulia vyumba vingine waliziba tundu la dari lililokuwa juu ya kabati na kuondoa sumu ya panya iliyoachwa na mpangaji aliyetangulia. Usiku wa Julai Dodoma una baridi ambayo paka wa Dar hajawahi kuionja, kwa hiyo blanketi liliingia ndani ya kasha, na huko ndiko alikolala kwa hiari.

Yaliyobaki ni machache. Chanjo ya tatu akifika wiki 16, kisha kufungwa kizazi kabla hajapita miezi mitano, kwani jike anaweza kushika mimba hata akiwa na miezi minne. Safari fupi ya gari mara moja kwa wiki, ili mazoea yasife. Kichefuchefu huenda kikaondoka akikua au kikabaki. Kikibaki, kabla ya kurudi Dar likizo ya Desemba atakuwa ameshavuka wiki 16, na maropitant litakuwa swali halali la kumuuliza daktari.